Maswali na Majibu: Mafumbo ya Hesabu, Hatua kwa Hatua

Mwanangu wa Darasa la Tano anakokotoa vizuri, lakini hukosa mafumbo. Amefundishwa kwamba neno «zaidi» maana yake ni kujumlisha na «pungufu» ni kutoa. Je, kanuni hiyo inafaa?

Haifai, na ningewaomba walimu wanaoitumia waiache, kwa sababu inamzoesha mtoto kuwinda neno moja badala ya kusoma sentensi nzima. Chukua fumbo hili: «Asha ana machungwa 24, ambayo ni 6 zaidi ya machungwa ya Juma. Juma ana machungwa mangapi?» Aliyekariri kanuni atajumlisha na kupata 30, ilhali fumbo linasema wazi kwamba mwenye mengi ni Asha. Kabla mwanao hajaanza kukokotoa, mwulize nani ana mengi na nani ana machache. Kisha achore mistari miwili, mrefu wa Asha na mfupi wa Juma, aandike 24 kwenye mrefu na 6 kwenye kipande kilichozidi. Akiutazama mchoro huo ataona kwamba anapaswa kutoa: 24 − 6 = 18. Mwisho arudi kwenye fumbo na kuuliza kama 24 inazidi 18 kwa 6. Hatua hiyo ya kurudi hurukwa na wanafunzi wengi, ingawa haichukui hata dakika moja.

Niko Kidato cha Kwanza. Fumbo linasema: «Umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 12, utakuwa mara mbili ya umri wa mwanawe.» Nikikokotoa, mtoto anakuwa na miaka 0. Nimekosea wapi?

Umefanya vyema kulitilia shaka jibu lako. Bila shaka uliandika 3x + 12 = 2x + 12, mlinganyo ambao kweli unatoa x = 0. Kosa liko upande wa kulia: baada ya miaka 12 mtoto atakuwa na miaka x + 12, na umri huo wote, si x peke yake, ndio unaozidishwa kwa 2. Ili usiteleze tena, chora jedwali lenye safu mbili, «sasa» na «baada ya miaka 12», ujaze umri wa kila mmoja kabla ya kuandika alama ya usawa. Utapata 3x + 12 = 2(x + 12), yaani 3x + 12 = 2x + 24, hivyo x = 12. Mtoto ana miaka 12 na baba 36. Baada ya miaka 12 watakuwa na 24 na 48, sawasawa na fumbo linavyotaka.

Ipo pia njia isiyohitaji herufi, nami naipenda kwa sababu inamlazimisha mwanafunzi kufikiri juu ya watu wenyewe. Tofauti ya umri kati ya baba na mwana haibadiliki maisha yao yote. Sasa tofauti hiyo ni mara mbili ya umri wa mtoto. Baadaye, baba atakapokuwa na umri mara mbili ya wa mwanawe, tofauti itakuwa sawa na umri wa mtoto wa wakati huo. Kwa hiyo, katika miaka 12, umri wa mtoto utakuwa umeongezeka mara mbili, jambo linalowezekana tu ikiwa sasa ana miaka 12.

Bei ya viatu ilipunguzwa kwa asilimia 20, vikauzwa shilingi 24,000. Kwa nini bei ya awali si 28,800?

Kwa sababu asilimia 20 ilikatwa kwenye bei ya awali, nawe umeitafuta kwenye bei mpya. Jiulize kwanza: asilimia 20 ya nini? Shilingi 24,000 ni asilimia 80 ya bei ya awali, hivyo asilimia 10 ni 3,000 na bei nzima ni 30,000. Ukihakiki 28,800 utaona kwamba punguzo lake ni 5,760, linalobakiza 23,040.

Mlinzi aliingia kazini saa 4:40 usiku, akatoka saa 1:25 asubuhi. Wanafunzi wangu hutoa 1:25 kutoka 4:40. Niwaelekeze vipi?

Waambie wasitoe kwanza. Wachore mstari wa muda na kuugawa kwenye saa 12 asubuhi, mahali hesabu ya saa inapoanza upya. Kutoka saa 4:40 hadi saa 12:00 ni saa 7 na dakika 20. Kutoka hapo hadi saa 1:25 ni saa 1 na dakika 25. Jumla ni saa 8 na dakika 45. Wakumbushe pia kwamba saa moja ina dakika 60, maana wengi hukopa 100 kwa mazoea ya kutoa namba za kawaida.

Mafundi 6 hujenga ukuta kwa siku 10. Mafundi 4 watatumia siku ngapi?

Mafundi wakipungua, siku huongezeka, kwa hiyo jibu lolote lililo chini ya 10 likataliwe mapema. Tukichukulia kwamba wote wana kasi sawa, kazi nzima ni 6 × 10 = 60, yaani siku 60 za fundi mmoja. Gawanya kwa 4, upate siku 15.