Bosi wangu ni mwanadiplomasia, hajatulipa na amemuumiza mke wangu: je, nichukue jenereta yake?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mlinzi na mtunza bustani kwenye nyumba aliyopanga afisa wa ubalozi mmoja hapa Dodoma. Mke wangu anafanya kazi za ndani hapo hapo. Tulikubaliana laki mbili na nusu kila mmoja kwa mwezi, na huu ni mwezi wa 7 hatujalipwa. Mwezi uliopita mke wangu alipomdai, alimsukuma kwenye ngazi akavunjika mkono. Polisi walitupa PF3 tukaenda hospitali, lakini wakaniambia yule ana kinga, hawawezi kumkamata. Sasa amesafiri na funguo zote ziko kwangu. Ndugu mmoja anayesoma dini ameniambia kuwa kwa madhehebu ya Imamu Shafii, mtu aliyezuiliwa haki yake anaruhusiwa kuichukua mwenyewe. Pale ndani kuna jenereta ambayo nikiiuza inaweza kupunguza deni. Je, ni halali? Na hii kinga Uislamu unaikubali vipi, wakati Mtume (s.a.w.) alisema hata Fatima angeiba angemkata mkono?

Muulizaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana ndugu yangu, na mkeo mfikishie pole zangu. Swali lako nimelisoma mara tatu. Sikuweza kulijibu haraka kama ninavyojibu maswali ya udhu na rakaa zilizosahauliwa, kwa sababu hapa kuna mkono wa mja wa Allah uliovunjika na jasho la miezi 7 lililoliwa.

Nianze na lile unalolisubiri: jenereta usiiguse. Sababu nitakueleza. Na ujue pia kwamba huyo bwana hajaponyoka. Watu wakisikia neno kinga hudhani kosa limefutwa. Halikufutwa. Deni liko pale pale shingoni mwake, jeraha liko pale pale. Kilichofungwa ni mlango wa mahakama zetu, na hata huo una ufunguo, ila ufunguo wenyewe uko kwa serikali yake.

Kinga ya wajumbe hatukuletewa na wageni. Musaylima mwongo alipotuma watu wawili Madina na barua ya kudai kuwa ana sehemu katika utume, Mtume (s.a.w.) aliwauliza wao wenyewe wanasemaje. Wakajibu kwamba wanasema kama anavyosema bwana wao. Akawaambia: "Wallahi, lau si kwamba wajumbe hawauawi, ningezikata shingo zenu." Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Na Abu Rafii, aliyetumwa na Makuraishi, imani ilipomwingia moyoni alikataa kurudi Makka. Mtume (s.a.w.) hakumpokea siku hiyo. Alimwambia kwamba yeye havunji ahadi wala hawazuii wajumbe. Arudi kwanza kwa waliomtuma, na ikiwa yaliyomo moyoni yatabaki, basi aje. Mwaka 1980, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilipotoa hukumu juu ya wanadiplomasia wa Marekani walioshikwa mateka Tehran, majaji waliandika wazi kwamba mila za Kiislamu zilichangia sana kukua kwa kanuni hii.

Lakini kisa ninachotaka ukae nacho ni cha Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, maana kinafanana na chako zaidi ya hivyo vyote.

Mjumbe wa Makuraishi siku ile alikuwa Suhayl bin Amr. Mkataba ulikuwa bado unaandikwa, na ndani yake kulikuwa na sharti kwamba atakayetoka Makka kwenda kwa Mtume (s.a.w.) atarudishwa. Mara akatokea kijana anajikokota na minyororo miguuni. Ni Abu Jandal, Muislamu aliyetoroka kifungoni. Na aliyemfunga ni baba yake mzazi, Suhayl yule yule aliyekaa mbele ya Mtume (s.a.w.). Suhayl akainuka, akampiga mwanawe usoni, akamshika nguo ya shingoni akaanza kumvuta. Fikiria hali ile. Mjumbe wa nchi nyingine anampiga mtu mnyonge hadharani, mbele ya Mtume wa Allah, mbele ya Masahaba wapatao 1,400 ambao wangemmaliza kwa dakika moja. Abu Jandal anapiga kelele: Enyi Waislamu, narudishwa kwa washirikina wanitese tena?

Mtume (s.a.w.) alimwambia asubiri na atarajie malipo kwa Allah, kwani Allah atamjaalia faraja na njia ya kutokea yeye na wanyonge walio pamoja naye, na kwamba sisi tumefunga ahadi na watu hawa, hatuwafanyii hiyana. Umar (r.a.) hakuvumilia. Alitembea ubavuni mwa Abu Jandal huku akimsogezea mpini wa upanga, akitumai kijana ataushika ampige nao baba yake. Abu Jandal hakuushika. Na faraja ilikuja kweli: baadaye alitoroka tena, na mwishowe Makuraishi wenyewe ndio waliomwomba Mtume (s.a.w.) awapokee yeye na wenzake.

Ndugu yangu, funguo zilizo mfukoni mwako leo ni mpini ule.

Sasa hadithi ya Fatima (r.a.). Ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim, na umefanya vizuri kuikumbuka. Yule mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliombewa asiadhibiwe kwa sababu ya utukufu wa ukoo wake, na hicho ndicho Mtume (s.a.w.) alichokikemea. Mjumbe hapewi kinga kwa kuwa damu yake ni bora kuliko ya mkeo. Anapewa ili nchi mbili ziweze kusemezana bila kila moja kumshika mtu wa mwenzake mateka. Mabalozi wetu huko nje wanakaa chini ya mwavuli huo huo. Na tusijione wasafi: mwaka 2008 mahakama ya Marekani iliamuru afisa wa ubalozi wetu wa Washington amlipe mfanyakazi wake wa ndani, Mtanzania mwenzetu, zaidi ya dola milioni 1. Nilipoisoma habari hiyo niliona haya.

Wala sitakuficha kwamba kinga ya leo ni pana kuliko waliyoizungumza wanazuoni wetu wa zamani. Wao walimpa mjumbe amani ya nafsi na mali yake, lakini haki za watu, kama kisasi na madeni, hawakuona zinaanguka kwa kuwa mtu ameingia kwa amani. Hata Imamu Abu Hanifa, aliyesema mgeni mwenye amani hasimamishiwi adhabu zilizo haki ya Allah peke yake, hakuziangusha haki za waja. Upana wa leo umetoka kwenye Mkataba wa Vienna wa 1961, ambao Tanzania imeuingiza katika sheria yake ya mwaka 1986. Nchi yetu imeutia saini, nasi ni raia wake, na Allah amesema katika Suratul Israa aya ya 34 kwamba tutimize ahadi, hakika ahadi itaulizwa.

Mkataba huo polisi wamekusomea ukurasa mmoja tu. Ni kweli kifungu cha 29 kinakataza mwanadiplomasia kukamatwa, na cha 31 kinamweka nje ya mashitaka ya jinai. Lakini cha 41 kinamlazimisha kuheshimu sheria za nchi aliyomo. Cha 32 kinasema serikali iliyomtuma inaweza kumwondolea kinga, kwa sababu kinga ni mali ya serikali yake, yeye ameazimwa tu. Na cha 9 kinairuhusu Tanzania wakati wowote, bila kutoa sababu, kumtangaza kuwa mtu asiyetakiwa, aondoke. Kila nikisoma kifungu hicho nakumbuka Suratul Anfal aya ya 58, kwamba ukihofia hiyana kwa watu basi watupie ahadi yao waziwazi. Muislamu haruhusiwi kumvizia aliyempa ahadi, lakini hakulazimishwa kumfuga hasidi nyumbani kwake.

Na hayo hutokea. Mwaka 1997 afisa wa ubalozi wa Georgia mjini Washington, akiwa amelewa, alisababisha ajali iliyomuua binti wa miaka 16. Georgia ilimwondolea kinga, akahukumiwa kifungo cha miaka 7 hadi 21. Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2017 kwamba mwanadiplomasia akishamaliza kazi yake na kuondoka, kinga inayobaki haimfuniki kwa alivyomtendea mfanyakazi wa nyumbani, kwa kuwa kumwajiri mpishi si kazi ya ubalozi. Mwaka 2022 ikasema zaidi: kumtumikisha mtu kitumwa ni biashara ya kujipatia faida, na kwa madai ya namna hiyo hata aliye kazini hana kinga. Hukumu hizo hazifungi mahakama za hapa, lakini mwanasheria anaweza kuzinyanyua. Hakikisheni pia kama huyo bwana ni mwanadiplomasia kweli, maana siyo kila mgeni anayeendesha gari la ubalozi ana kinga kamili. Watumishi wa utawala na ufundi wa ubalozi, kwa mfano, kwa madai ya fedha wanalindwa kwa kazi zao za kiofisi tu.

Nije kwa yule aliyekutajia Imamu Shafii. Hakusema uongo, ila amekata maneno nusu. Hindi mke wa Abu Sufyan alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe ni bahili, akamruhusu achukue kinachomtosha yeye na mtoto wake kwa wema. Kutokana na hadithi hiyo wanazuoni wa Kishafii wakaruhusu mwenye haki kuchukua kiasi cha haki yake ikiwa hana njia ya kuipata. Imamu Ahmad, katika kauli yake mashuhuri, alikataza, akishika hadithi isemayo: mrejeshee amana aliyekuamini, wala usimhini aliyekuhini. Mimi ni mfuasi wa Shafii kama walimu wangu, na bado nakukataza, kwa sababu sharti zenyewe hazijatimia kwako. Milango hujaimaliza, umegonga polisi tu. Halafu nyumba ile ni ya kupanga. Una hakika gani kwamba jenereta ni yake? Huenda ni ya mwenye nyumba, huenda ni ya ubalozi, na hakuna imamu aliyekuruhusu kuchukua mali ya bwana Zaid kwa deni la bwana Amri. Na wewe ni mlinzi. Umeajiriwa kulinda kile kile unachotaka kukiuza. Ukifanya hivyo utashitakiwa kwa wizi wa mtumishi, na siku hiyo kinga anayo yeye, wewe utalala gereza la Isanga huku mkeo akiwa na mkono wa bandeji na watoto.

Andikeni barua ya madai, tarehe na kiasi, mpelekee balozi wake. Nakala ipelekeni Wizara ya Mambo ya Nje pale Mtumba, Idara ya Itifaki, pamoja na nakala ya PF3 na karatasi za hospitali. Wao ndio wenye uwezo wa kuiomba serikali yake imwondolee kinga, au kumwita balozi na kumweleza. Jalada la polisi lisifungwe. Kutokumkamata si kutokuandika. Kwa mishahara, tafuteni msaada wa kisheria mapema, kwa sababu kule CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, mtu aliyeachishwa kazi ana siku 30 na madai mengine yana siku 60. Kusema mlivyotendewa mbele ya wahusika si kusengenya. Suratun Nisaa aya ya 148 imemtoa aliyedhulumiwa katika katazo la kutangaza maneno mabaya.

Huenda akija ataleta bahasha na kusema tuyamalize. Suluhu inafaa, lakini tambua kwamba mkono ni wa mkeo. Fidia ya jeraha ni haki yake, kusamehe ni juu yake, na wewe mume huna ruhusa ya kusaini kwa niaba yake. Mshahara ni jambo jingine. Mtu asiwalipe deni lake mwenyewe kisha akaliita fidia ya mkono. Kila kimoja kiandikwe mbali.

Mkeo anaweza kumwombea dua mbaya kwa kiasi cha dhuluma yake, bila kuwagusa watoto wake wala watu wa nchi yake. Mtume (s.a.w.) alimuusia Muadh aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hakuna pazia baina yake na Allah. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Allah amesema yeye mwenyewe ni hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, mmoja wao aliyemwajiri mtu, akafanyiwa kazi kikamilifu, asimpe ujira wake. Mahakama hiyo haina kifungu cha 31.

Ukiamua kuacha kazi, na sioni kwa nini mkeo arudi kwenye ngazi ile, usiondoke kimya. Andika orodha ya vitu vilivyomo, jenereta ikiwemo, piga picha kila chumba, mwite mwenye nyumba na balozi wenu wa nyumba kumi washuhudie, kisha peleka funguo ubalozini na ukatae kuondoka mpaka mtu asaini kwamba amezipokea.

Wallahu aalam.