Kabla hujagusa ukuta: maswali ya wasomaji kuhusu vibali vya ujenzi Lamu

Assalaamu alaikum. Nyumba ya marehemu nyanya iko Mkomani, ya mawe. Boriti za dari zimeoza na fundi anasema tuzitoe zote tumwage slebu ya zege. Kwa kuwa nje hapataguswa, bado nahitaji kibali?

Waalaikumu salaam, dada yangu. Unahitaji, tena viwili. Mji wa Kale wa Lamu ni eneo linalohifadhiwa kisheria, na mwaka 2001 UNESCO iliutia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, jengo la humo halibadilishwi bila ridhaa ya Makavazi ya Kitaifa. Kisha kuna kibali cha kaunti, kinachotakiwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Anza na watu wa makavazi. Waite waje waione nyumba kabla hujamlipa mtu kuchora ramani, maana wakikataa jambo baadaye, ramani hiyo utailipia mara ya pili.

Sasa nikwambie kuhusu hiyo slebu, maana hapa roho yangu haitulii. Kuta za nyanya ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Zilijengwa kubeba boriti, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, haufiki mita 3. Zege lina uzito mwingine kabisa, na chuma chake hakipatani na chumvi iliyomo ukutani.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja mtaa huohuo wa Mkomani, iliyokuwa imepigwa plasta ya simiti ndani na nje. Nikaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia kama mtungi mtupu. Fundi akachomeka patasi, likadondoka pande zima la plasta, pana kama sinia la pilau. Nyuma yake mawe yamelowa, chokaa imekuwa tope, na vichwa vya boriti unavifinya kwa vidole kama mkate uliolowa chai. Unyevu hupanda kutoka chini siku zote. Plasta ya chokaa huuacha utoke. Simiti iliufungia ndani, ukahamia kwenye boriti.

Kwa hiyo uliza kwanza ni nini kilichoozesha boriti zako. Pengine ni paa linalovuja, pengine choo cha juu. Ziba hapo, kisha toa zilizooza peke yake na utie mpya. Boriti zetu ni za mikoko, na kukata mikoko kunahitaji leseni ya Huduma ya Misitu, basi nunua kwa muuzaji mwenye karatasi na uweke risiti.

Nyumba ni ya marehemu baba. Tuko ndugu sita, hati bado ina jina lake. Naweza kuomba kibali kwa jina langu, maana mimi ndiye ninayeishi humo?

La, ndugu yangu. Anayeomba lazima aoneshe kuwa nyumba ni yake au amepewa idhini na wenyewe. Nendeni kwa Kadhi mgawanye mirathi, kila mmoja ajue fungu lake, kisha wengine watie sahihi kwamba wewe ndiye utakayejenga. Najua ni mazungumzo mazito. Lakini nimeona ukuta ukisimama nusu miaka mingi kwa sababu ndugu mmoja alirudi kutoka Mombasa akasimamisha kazi, na alikuwa na haki. Hakikisheni pia kwamba nyumba si wakfu, yaani mali iliyotolewa isiuzwe wala kurithiwa. Ikiwa ni wakfu, idhini ni ya wasimamizi wake, hata kama mmezaliwa humo nyote.

Jirani ameongeza ghorofa na dirisha lake linatazama kiwanda chetu, yaani ua wa ndani ya nyumba. Wanawake hawawezi tena kuanua nguo wala kukaa nje. Sheria inasemaje? – Mama wa Langoni

Pole sana, mama. Nyumba zetu zilipewa mgongo kwa njia na uso kwa kiwanda makusudi, mwanga uingie na watu wa nyumbani wasionekane. Hiyo ni stara.

Sheria ya 2019 inamtaka anayeomba kibali aujulishe umma, ili wenye pingamizi waseme mapema. Mtume mzee wa mtaa azungumze naye kwanza. Mara nyingi kulipandisha dirisha juu ya kimo cha mtu kunamaliza jambo, na mwanga anabaki nao. Akikataa, andika barua kwa kaunti na kwa makavazi, uambatanishe picha iliyopigwa kutoka kiwandani, uombe waangalie kama dirisha hilo lilikuwamo kwenye ramani aliyopitishiwa. Fanya hivyo wiki hii, kabla hajapiga plasta.

Kupaka rangi ndani nako kunataka kibali?

Hapana. Lakini mlango wa nakshi usiung'oe wala kuuuza bila kuwauliza makavazi.

Nilipeleka ramani Mokowe, kwenye ofisi za kaunti, miezi mitatu sasa sijajibiwa. Kondrakta anasema tuanze tu.

Anachokisema kina msingi, ila hakijatimia. Sheria inasema siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, kibali huhesabiwa kimetolewa. Una nakala yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa? Bila hiyo huwezi kuthibitisha siku zilianza lini. Na kama uko ndani ya Mji wa Kale, kimya cha kaunti hakiondoi ridhaa ya makavazi.

Andika barua ya kukumbusha, taja tarehe, ubaki na nakala. Wakikukataa kwa maandishi, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mambo ya mipango, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukijenga bila kibali, faini inafika shilingi 500,000 au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili, na unaweza kuamriwa uparudishe palivyokuwa ndani ya siku 90.

Kibali ninacho. Mchanga umeletwa na punda, uko njiani, jirani analalamika.

Ana haki. Vichochoro vyetu watu wawili hupishana kwa bega, na mgonjwa hupitishwa hapohapo akiwa amebebwa. Mwambie mwenye punda alete mzigo wa siku hiyo tu, na jioni vijana wafagie mpaka mfereji uonekane.