Maswali yenu kuhusu Darjeeling: treni, chai na mlima unaojificha

Tangu niseme hapa kwamba nimerudi Darjeeling kwa mara ya pili, maswali hayajakoma. Kwa ambao hawakusoma: Darjeeling ni mji wa mlimani kaskazini kabisa mwa jimbo la West Bengal, India, kwenye miinuko ya Himalaya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Waingereza waliichukua sehemu hiyo kutoka kwa mfalme wa Sikkim (leo jimbo jirani la India) mwaka 1835 ili wapate pa kupumzikia joto la Kolkata likiwazidi. Nimechagua maswali manane. Wengi mmeuliza kama usiku mmoja unatosha, nami nawajibu wote kwa pamoja: hautoshi. Tengeni usiku nne, na mkiweza sita. Sababu mtaiona huko chini.

Likizo ya watoto wangu ni Juni na Desemba. Niwapeleke lini? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Desemba, dada yangu. Juni mvua za monsuni zinaanza, na haziachi mpaka Septemba. Mji wote humezwa na ukungu, na barabara za kupandia kutoka Siliguri, mji wa tambarare ulio chini ya milima, hupita kwenye miteremko ambayo ardhi yake huporomoka. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu hata mwanzoni mwa Oktoba 2025 mvua kubwa ilishuka usiku mmoja, ardhi ikaporomoka upande wa Mirik na kwingineko, watu wakafa na daraja la Dudhia likakatika. Mlima si wa kuuchezea.

Desemba ni baridi, usiku hukaribia nyuzi sifuri, lakini mchana mara nyingi kuna jua na anga ni safi. Nyumba nyingi za wageni hazina joto la ndani, kwa hiyo ulizia hita na blanketi kabla hujalipa. Masweta usiyabebe kutoka Tanga, maana mjini wanauza mengi ya sufu kwa bei nafuu. Asiyefungwa na likizo za shule aende mwishoni mwa Oktoba au Novemba, mvua ikiwa imeshaosha hewa. Kuanzia Machi hadi Mei maua hupendeza, ila mlima Kangchenjunga hufichwa na ukungu mwepesi siku nyingi.

Kaka, nasoma Pune, huku India, na pesa yangu ni ya mwanafunzi. Nafikaje huko, na ile treni ndogo inastahili? (Mwanafunzi kutoka Kigoma)

Mdogo wangu, panda treni hadi Kolkata, kisha uchukue ya usiku kutoka kituo cha Sealdah mjini humo hadi New Jalpaiguri, kituo kilicho pembeni ya Siliguri. Mwenye haraka na pesa hushukia uwanja wa ndege wa Bagdogra. Kutoka Siliguri kuna magari ya kuchangia yanayopanda hadi Darjeeling kwa saa tatu hivi. Utajihisi nyumbani: gari haliondoki mpaka lijae, na likijaa kuna mmoja zaidi anasogezewa nafasi. Omba kiti cha mbele.

Sasa treni, ambayo ningeweza kuiandikia ukurasa mzima. Reli hii ilikamilika mwaka 1881. Upana wake ni milimita 610 tu, yaani futi mbili, na urefu ni kilomita 88 kutoka New Jalpaiguri hadi Darjeeling. Haina meno ya kung'ang'ania mlima kama reli nyingine za milimani. Wajenzi walitumia akili badala ya mashine. Mahali pengine reli inajizungusha na kupita juu ya njia yake yenyewe. Mahali pengine treni inakwenda mbele, inasimama, inarudi kinyumenyume kwenye njia nyingine iliyo juu kidogo, halafu inakwenda mbele tena, na kila hatua imepanda. Kwenye injini za mvuke huketi watu wawili mbele kabisa, wakimwaga mchanga juu ya reli ili magurudumu yasiteleze. Nilisimama kando ya njia nikiwatazama, na sikuamini kwamba kazi ile bado inafanywa kwa mkono. UNESCO iliiingiza reli hii kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999.

Safari nzima kutoka chini huchukua saa saba au zaidi, na mvua ikiharibu njia hukatishwa. Kwa mfuko wako nakushauri safari fupi ya matembezi, Darjeeling hadi Ghum na kurudi, saa mbili hivi. Ghum iko mita 2,258, ndicho kituo cha reli kilicho juu kuliko vyote India. Njiani treni husimama Batasia, mahali reli inapozunguka bustani yenye mnara wa askari wa Kigurkha waliokufa vitani. Tiketi ya injini ya dizeli ni rahisi kuliko ya mvuke. Kata mapema, zinakwisha.

Na kitu cha bure: reli inapita katikati ya barabara ya mji, karibu na milango ya maduka. Kaa kwenye kibanda cha chai, uisubiri. Utaisikia kabla ya kuiona.

Je, ni lazima kuamka saa tisa usiku kwenda Tiger Hill kuangalia jua likichomoza? (Msomaji, Nairobi)

Si lazima. Tiger Hill ni kilima cha mita 2,590 hivi, kilomita 11 kutoka mjini, na kukiwa kweupe unaona Kangchenjunga ikibadilika rangi kutoka kijivu hadi waridi, kisha dhahabu. Huo ni mlima wa tatu kwa urefu duniani, mita 8,586. Mbali zaidi, zaidi ya kilomita 160, kuna kijincha cha Everest, ambacho kwa sababu ya umbali huonekana kifupi kuliko Makalu iliyo jirani yake.

Safari yangu ya kwanza nililala usiku mmoja tu, kwa ajili ya Tiger Hill peke yake. Dereva niliyepatana naye alichelewa karibu saa nzima, tukakwama kwenye msururu wa magari, na tulipofika juu palikuwa na mamia ya watu wametazamana na ukuta wa wingu. Nikateremka siku hiyo hiyo nikisema nimeiona Darjeeling. Sikuwa nimeona kitu.

Mara ya pili nilikaa usiku sita. Siku tatu mlima haukuonekana. Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa natembea barabara ya Mall inayozunguka kilima cha Observatory, wazee wa mji wakifanya mazoezi yao, ukungu ukafunguka tu. Mlima ulikuwa juu sana kuliko mahali nilipokuwa nikiutafuta. Macho yangu yalikuwa kwenye upeo, kumbe theluji ilikuwa mawinguni. Nilikaa chini kwenye benchi. Mzee mmoja akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba yeye ameuona maisha yake yote na bado husimama.

Basi nenda Tiger Hill ukipenda, lakini muulize mwenyeji wako jioni iliyotangulia kama anga linaahidi. Usipoenda, panda juu ya kilima hicho cha Observatory, kwenye hekalu la Mahakal, ambapo Wahindu na Wabuddha huabudu mahali pamoja. Hapo ndipo palipokuwa na nyumba ya watawa ya Dorje Ling, nchi ya radi, iliyoupa mji jina lake.

Nafanya kazi kiwanda cha chai Kericho. Chai ya Darjeeling ina nini hata iuzwe ghali hivyo? (Msomaji, Kericho)

Ndugu yangu, swali lako nililisubiri. Wewe unajua chai yetu nyingi husagwa kwa mashine zinazoikata, kuirarua na kuiviringisha iwe punje. Inatoa rangi haraka, inabeba maziwa vizuri, ndiyo maana dunia inaitaka. Darjeeling wanafanya kwa njia ya zamani: jani linanyaushwa usiku kucha, linasokotwa taratibu bila kukatwakatwa, kisha linaachwa libadilike rangi na kukaushwa. Hata mche ni tofauti. Wa kwenu kwa sehemu kubwa ni wa jani pana la Assam, wao wanao mwingi wa Kichina, wenye jani dogo linalovumilia baridi. Daktari Archibald Campbell, aliyekuwa msimamizi wa mji, ndiye aliyeijaribu chai bustanini kwake mwaka 1841.

Majira nayo ni muhimu kuliko ninavyoweza kueleza. Chai ya kwanza huchumwa kuanzia mwishoni mwa Februari au Machi, miche inapoamka baada ya baridi. Ukiimimina ni ya njano hafifu, ina harufu ya maua na majani mabichi. Ya pili, Mei na Juni, ni ya rangi ya kaharabu na ina ladha inayofanana na zabibu. Ladha hiyo husaidiwa na wadudu wadogo sana wanaofyonza majani machanga, na mche unapojitetea hutoa harufu ile. Mdudu ambaye shamba lingine lingempulizia dawa, hapa ana heshima yake.

Kunywa bila maziwa, maji yakiwa yameshaacha kutokota, dakika tatu tu. Lakini usidhani wenyeji wanakunywa hivyo kutwa. Chai ya kibandani ni ya maziwa na sukari, na majani yake mara nyingi ni ya punje kama ya kwenu, kutoka mashamba ya tambarare.

Tembelea Happy Valley, shamba la mwaka 1854 lililo chini kidogo ya mji, unaweza kushuka kwa miguu. Utawaona akina mama wakichuma kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mimi nilikuwa nashika kichaka ili nisianguke. Wengi ni vizazi vya watu waliotoka Nepal karne ya 19 kuja kufanya kazi hiyo, na hadi leo familia nyingi zinaishi kwenye nyumba za mashamba bila hati ya ardhi iliyo chini ya miguu yao. Wanategemea sana bonasi ya kabla ya sikukuu ya Durga Puja. Wewe unayejua maana ya kungoja bonasi utaongea nao vizuri kuliko mimi.

Ukinunua, nunua shambani au tafuta nembo ya mwanamke aliyeshika majani ya chai. Chai nyingi inayobeba jina hili duniani haikuota Darjeeling.

Assalaam alaykum. Chakula cha halali kinapatikana? (Msomaji, Muscat)

Waalaykum salaam. Kinapatikana, ila uliza. Chakula cha mji ni momo, maandazi madogo ya mvuke yenye nyama au kabeji ndani, pamoja na thukpa, supu ya tambi. Nguruwe huliwa sana huku, na sufuria ya mvuke huwa moja. Usalama uko kwenye mikahawa ya Waislamu au ile isiyopika nyama kabisa, ambayo ni mingi. Msikiti wa Ijumaa upo mjini, wa tangu karne ya 19.

Nina miaka 68, magoti yanauma na nina presha. Nitaumia? (Mzee wenu, Moshi)

Shikamoo mzee wangu. Urefu wa Darjeeling wengi huuvumilia. Tatizo ni magoti: mji mzima ni ngazi na miteremko. Tafuta hoteli karibu na Chowrasta, uwanja ulio tambarare usioruhusu magari, wenye mabenchi. Daktari wako akuone kabla, na kilele cha Sandakphu, nitakachokitaja huko chini, ukiache.

Kwenye bustani ya wanyama, iliyopewa jina la Padmaja Naidu, kuna panda wekundu na chui wa theluji. Njia yake ni ya kupanda, basi nenda taratibu. Hufungwa Alhamisi. Padmaja ni binti wa Sarojini Naidu, yule mpigania uhuru aliyefika Mombasa mwaka 1924 kuongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki. Humo humo kuna chuo cha wapanda milima kilichoanzishwa mwaka 1954, ambako Tenzing Norgay, aliyefika kileleni Everest mwaka uliotangulia, alifundisha kwa miaka mingi.

Nikitaka kutoka nje ya mji, niende Sandakphu au Sikkim? (Msomaji, Kampala)

Mwenye miguu aende Sandakphu, mita 3,636. Kutoka huko unaona vilele vinne kati ya vitano vilivyo virefu kuliko vyote duniani. Unaanzia Manebhanjan, kwa miguu siku kadhaa na kiongozi wa njia, ambaye ni lazima, au kwa Land Rover kuukuu zinazopanda mawe kama mbuzi. Hifadhi ya Singalila hufungwa katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba. Sikkim nayo inamtaka mgeni awe na kibali, na Nathu La, kwenye mpaka wa China, sisi wa nje haturuhusiwi. Kama una siku moja tu, nenda Kalimpong, mji wa bustani za maua, wenye joto kidogo zaidi.

Na kwa kuwa unatoka Uganda: beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku kumi kabla. Wanaotoka Kenya vilevile.

Mimi ni mwanamke, nasafiri peke yangu. Mtu mweusi wanampokeaje? (Dada, Dar es Salaam)

Watakuangalia, dada, na wapo watakaoomba picha. Ukichoka kataa, hawakasiriki. Sikutukanwa, ingawa siwezi kusema kwa niaba ya kila aliyepita. Lugha ya mitaani ni Kinepali, na ina kitu tunachokifahamu: mwanamume mkubwa kwako unamwita dai, mwanamke unamwita didi, kama kaka na dada. Nilipoanza kusema didi kwa mama wa kibanda cha momo, siku ya pili alinisogezea kigoda karibu na jiko.

Jambo moja uwafanyie. Maji ni shida kubwa mjini, nyumba nyingi huyanunua kutoka kwenye magari ya maji. Ukiletewa ndoo ya maji moto asubuhi, ujue kuna mtu amepanda nayo ngazi. Oga kwa hiyo moja.