Felix alimtangulia Mickey Mouse
Si sahihi kusema kwamba Mickey Mouse ndiye mhusika wa kwanza wa katuni kuwa nyota. Paka Felix, aliyeanza kuonekana mwaka 1919 kutoka studio ya Pat Sullivan jijini New York, alikuwa tayari anapendwa Marekani na Uingereza kabla panya huyo hajatokea mwaka 1928. Kwa kuwa filamu za wakati huo hazikuwa na sauti, mchoraji Otto Messmer (ambaye sifa zake zilichukuliwa na Sullivan kwa miaka mingi) aliufanya mwili wa paka useme: Felix hutembea huku na huko akiwaza, kichwa ameinamisha na mikono ameifunga mgongoni, kisha mkia wake hugeuka alama ya kuuliza au chombo chochote anachokihitaji, na mtazamaji wa lugha yoyote huelewa. Umbo lake jeusi lenye macho makubwa meupe lilitambulika hata kwa mbali, ndiyo maana lilihamia haraka kwenye magazeti na wanasesere. Kilichomwangusha ni sauti, ambayo Sullivan alichelewa kuikubali ilhali Walt Disney, muundaji wa Mickey, aliikumbatia mapema.