Kwa nini kamba wa bwawa moja hawalingani
Ndugu uliyeuliza kwa nini kamba wako wa maji baridi kule Kisauni, walioingia bwawani siku moja, sasa wamepishana sana kwa ukubwa, si lazima kasoro iwe ya chakula. Katika aina kubwa inayofugwa zaidi, Macrobrachium rosenbergii, dume humzidi jike, kwa kuwa jike akishapevuka nguvu zake nyingi huishia kwenye mayai, ambayo huyabeba chini ya mkia. Hata hivyo, tofauti kubwa zaidi imo baina ya madume wenyewe: wapo wadogo, wapo wenye magando ya rangi ya chungwa, ambao ndio hukua kwa kasi, na wapo mabwana wa bwawa wenye magando marefu ya buluu, ambao ukuaji wao umekwisha karibu wote lakini huwadumaza wenzao wadogo. Ukiwavua mabwana hao mapema (kuwalisha zaidi ni hasara tu), baadhi ya wadogo huanza kukua. Kuhakikisha jinsia, mgeuze kamba chali: matundu ya uzazi ya jike yapo kwenye mashina ya jozi ya tatu ya miguu ya kutembelea, na ya dume yapo kwenye jozi ya tano.