Uwanja wa mbwa mkubwa: maswali yenu ya mwezi huu

Kaka, nina dume wa German Shepherd, miezi saba. Fundi anasema uwanja wa mita mbili kwa mbili unamtosha. Ni kweli? (Msomaji, Kigamboni)

Haumtoshi, dada. Dume wa aina hiyo akikomaa hufika sentimita 60 hadi 65 begani na kilo 30 hadi 40. Katika mita mbili atapiga hatua chache na kugeuka, kutwa nzima, na mbwa wa namna hiyo huanza kubweka ovyo na kujilamba miguu mpaka vidonda. Mimi siwezi kumshauri mtu ashuke chini ya mita 3 kwa 6. Eneo likibana, refusha badala ya kutanua: mita 2 kwa 9 zinampa pa kukimbia kuliko mraba wenye eneo hilohilo. Kimo cha ua kisipungue mita 1.8. Na hata ukimjengea uwanja mkubwa, atoke na kamba asubuhi na jioni. Uwanja ni pa kukaa salama, matembezi ni haki yake nyingine.

Dukani kuna wavu wa kuku, cheni linki (wavu wa waya uliosukwa) na weldimeshi (wavu wa nyaya zilizochomelewa zinapokutana), na bei zimepishana sana. Nichukue upi? (Arusha)

Wavu wa kuku uache kabisa, mbwa mkubwa anautoboa siku hiyohiyo.

Cheni linki inafaa, ila uliza geji, yaani namba ya unene wa waya. Namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba: geji 16 unaipinda kwa vidole, geji 10 ina unene wa milimita 3 na kitu. Chukua 10, au 12 mfuko ukikaza. Kasoro yake ni kwamba imesukwa. Mbwa mng'ataji akikata uzi mmoja, wavu huanza kufumuka, na matundu yake humpa mpandaji mahali pa kukanyaga.

Ndiyo maana mbwa akiwa na nguvu na ukaidi napendelea weldimeshi nzito iliyochomelewa kwenye fremu ya chuma. Kabla ya kulipa, shika nyaya mbili uzivute kwa nguvu. Makutano yakiachia, rudisha. Hakikisha imepakwa zinki, na fundi akimaliza kuchomelea apake rangi ya kuzuia kutu pale alipounguza, maana kutu huanzia hapo.

Jambo moja mafundi wengi hulikosea: wavu ufungwe upande wa ndani wa nguzo, alipo mbwa. Akiuegemea au kuurukia, anausukuma kwenye nguzo. Ukifungwa nje, kila akisukuma anang'oa vifungio.

Wangu anachimba usiku kucha, nami nimepanga, siwezi kumwaga zege. (Mombasa)

Pole, ndugu yangu. Laza wavu chini kwa ndani, upana wa sentimita 60 kuzunguka ua wote, uufunge kwa waya kwenye ukingo wa chini wa ua, kisha funika kwa udongo na mawe bapa. Ncha zote uzikunje zielekee chini. Mbwa huchimba palepale ua unapogusa ardhi, kwa hiyo atakuta wavu. Ukihama, unaukunja unaondoka nao.

Sakafu iwe zege au udongo? (Morogoro)

Vyote viwili. Zege sehemu ya kulala na kulia, lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita ili maji ya kuoshea yatoke. Kwingine acha udongo au nyasi, viungo vyake vipumzike. Ukuta wa tofali upigwe lipu laini na nyufa zizibwe. Kupe wa mbwa hupanda ukutani na kutaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa, hivyo kumwogesha mbwa peke yake hakutoshi.

Kivuli hukuuliza, lakini nakiandika kwa sababu joto linaua mbwa. Bati lililo karibu na mgongo wake ni tanuri. Liinue mita 2 na zaidi, upepo upite chini yake, na maji ya kunywa yakae kivulini.

Niweke seng'enge za miiba juu? (Kiambu)

Hapana. Mbwa akiruka atachanika tumbo. Kama anaruka, ongeza juu kipande cha wavu cha sentimita 40 kilichoinamia ndani, na geti lifungukie ndani, komeo likae nje pamoja na kufuli.