Mifuko miwili, hisa zilezile?

Dada wa Kisauni, umeuliza kama mfuko wa hisa (pesa za wengi zinazokusanywa na meneja kununua hisa), mfuko mseto (unaochanganya hisa na uwekezaji mwingine) na hisa zako mwenyewe za Safaricom zimekutawanyia hatari. Naona bado. Soko la hisa la Nairobi lina kampuni kubwa chache, na mameneja wengi wa mifuko huangukia hizohizo: Safaricom, benki za Equity na KCB, na EABL ya bia.

Omba kila mfuko ripoti yake ya karibuni, utazame orodha ya hisa na asilimia zake. Wakikuonyesha zile kubwa tu, waandikie wakupe orodha kamili. Pesa ni zako. Kampuni ikiwa kote kuwili, chukua asilimia iliyo ndogo: tuseme ni 25 na 15, andika 15. Jumlisha hizo ndogo za kampuni zote zilizo kote kuwili. Ikipita nusu, kwangu mimi ada ya mfuko wa pili unailipa bure.

Kisha hesabu kwa shilingi. Laki mbili kwenye mfuko wenye Safaricom asilimia 25 ni Safaricom ya 50,000, kabla hujaongeza zile zako. Hapo ndipo wengi hushtuka.

Mfuko mseto hubeba pia hati fungani za serikali (pesa unazoikopesha serikali kwa riba), basi usiuuze kwa pupa. Uliza kwanza kama kuna ada ya kutoka.